Saa Iliyoniambia Nisimame

Wiki iliyopita mmoja wenu aliniuliza kwenye grupu ya simu kama ile saa janja mliyoninunulia siku ya kuniaga ninaivaa, au nimeifungia kabatini pamoja na mashuka ya wageni. Nilimjibu kwa picha ya kidole gumba. Baadaye niliona kidole hakitoshi. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi tangu nikiwa na nywele, na katika miaka hiyo yote hakuna chombo nilichokitumia zaidi ya saa, hata sindano haifiki. Basi chukueni chai yenu ya zamu, niwajibu kwa kuanzia mwanzo. Vyeo nitaviruka kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilianza kazi upande wa Kitui, katika kituo kidogo cha afya chenye wodi moja na tangi la maji lililokuwa tupu kila mara nilipolihitaji. Siku ya kwanza nilifika na viatu vinavyong'aa na saa ya dijitali yenye kikokotoo ndani yake. Vitufe vyake vilikuwa vidogo hivi kwamba nilivibonyeza kwa ncha ya kalamu, lakini nilihakikisha kila mtu ameniona nikivibonyeza. Nilidhani nimekuja kuleta maendeleo. Msimamizi wetu alikuwa Sista Kavata, mama mfupi asiyepandisha sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililotutisha. Aliniambia nizunguke wodini nipime mapigo ya moyo ya wagonjwa wote, kisha nimletee.

Nilizunguka. Nilishika kila mkono, nikakodolea macho saa yangu, nikaandika. Sista akapokea karatasi, akaisoma, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kijana, hii wodi ni ya watu ama ni ya jeshi?"

"Ni ya watu, Sista."

"Mzee wa kitanda cha mlangoni ana homa ya kukaanga mayai. Huyu mama amezaa leo asubuhi. Na wote wanapiga sitini sawasawa?"

"Labda ni hewa ya huku, Sista."

Alicheka kwa pua, akanivua ile saa kwa mikono yake mwenyewe. Shida ilikuwa hii: namba za sekunde zilikuwa zikibadilika mbele ya macho yangu, moja, mbili, tatu, na mimi badala ya kuhesabu mapigo niliyoyasikia kidoleni, nilijikuta nikihesabu namba ninazoziona. Wodi nzima niliwapa mapigo ya saa yangu. Mshale wa sekunde hauna tabia hiyo. Wenyewe unazunguka polepole bila kukuambia namba, na akili yako inabaki na kazi moja tu ya kuhesabu damu ya mtu. Kama kuna mmoja wenu anayehesabu akitazama namba za sekunde kwenye simu, ninamwomba aache leo, kabla Sista Kavata hajafufuka.

Siku hiyohiyo alinipa saa yake ya zamani, ile ya kubana kifuani, inayoning'inia kichwa chini ili mwenye kuivaa aisome bila kuishika. Ilikuwa ya kujazwa kwa kuzungusha kichwa chake kila asubuhi. Alinipa na masharti mawili. La kwanza, nihesabu dakika nzima, nisihesabu nusu halafu nizidishe mara mbili kama mtu anayekimbilia basi. La pili, niandike nilichokiona, nisiandike nilichotaka kukiona. "Jifunze kwanza bila mashine," alikuwa akisema, na kwake yeye hata ile saa ya dijitali ilikuwa mashine. Nilizishika amri hizo mbili kuliko zile kumi, na mtaona karibuni kwamba sisemi hivyo kwa kujisifu.

Saa ya kujaza ina udhaifu mmoja, nao ni mtu anayepaswa kuijaza. Asubuhi moja mapema nilizalisha mama mmoja, mtoto wa kiume, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mnajua desturi yetu Wakamba: mtoto aliyezaliwa usiku huitwa Mutuku, aliyezaliwa asubuhi huitwa Kioko. Kwa hivyo saa ya kuzaliwa kwetu ni nusu ya jina. Nilitazama kifuani, nikatoka nje nikiwa na magwanda yangu meupe, nikawatangazia jamaa kwamba mtoto amezaliwa usiku bado.

Bibi wa mtoto, ambaye wote walimwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, alikuwa amekaa kwenye benchi la nje.

"Usiku gani, daktari? Jogoo amewika, akachoka, akawika tena. Mimi naona hata kiraka cha nguo yangu."

"Susu, saa ndiyo inajua," nikamwambia, kwa ile sauti ya mtu ambaye amesoma.

Baba wa mtoto aliangalia uso wa mama yake, akaangalia magwanda yangu, akachagua magwanda. Waliondoka na Mutuku wao. Wakati wa chai ya saa nne ndipo nilipotazama kifuani tena nikakuta saa bado inaonyesha usiku uleule. Ilikuwa imelala, kwa sababu mimi nilikuwa nimesahau kuijaza. Sista Kavata alicheka hadi akajifuta machozi kwa pamba ya hospitali, kisha akaniambia niende kwa watu nikarekebishe. Zamu ziliniachilia siku ya tatu, nikaenda kwa miguu, na kwa kuwa siku ya tatu ndiyo ya kumpa mtoto jina, nikakuta mbuzi ameshachinjwa na jina limeshaitwa. Susu alinipa kipande cha ini.

"Jina likiitwa halirudi," alisema. "Wewe kula, halafu ujaze saa yako."

Tangu asubuhi ile sijawahi kuamka nisijaze saa. Hata siku ya harusi yangu niliijaza kabla ya kufunga tai.

Baadaye nilihamishiwa Makueni, nikakaa mji wa Wote kidogo, halafu nikaletwa huku Kambu kwenye barabara kuu ya Mombasa, ambako wengi wenu mlinikuta. Hapa nilijifunza kushona watu walioangukiwa na mizigo, na kula mahindi ya kuchoma huku nimesimama. Lakini kesi ninayoikumbuka kuliko zote haikuwa na damu. Mama mmoja muuza vitunguu wa stendi alileta mtoto mchanga, akasema, "Daktari, huyu si yeye wa kila siku." Mtoto alikuwa ametulia. Kifua kilipanda na kushuka vizuri tu. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na mwili wangu wote uliniambia nihesabu nusu dakika, nizidishe, nimpe dawa ya maji aende. Nikafunua nguo, nikaangalia saa ya Sista, nikaanza. Nusu ya kwanza ilikuwa nzuri kabisa. Katika nusu ya pili pumzi zikaanza kukimbia na nyama za chini ya mbavu zikaanza kuvutwa ndani. Kisha kifua kikasimama. Mshale ulipita mkato mmoja, na mwingine, na mwingine, nami nikaogopa kama sijawahi kuogopa maishani. Halafu akavuta. Tulimwekea hewa, tukampeleka hospitali kubwa kwa gari la msamaria aliyekuwa akinunua maembe, na akapona. Mama yake aliniletea vitunguu mpaka mke wangu akasema nyumba inanuka duka.

Sasa nimfikie mke wangu, maana bila yeye hadithi hii ya saa haina miguu. Mama Mwende, kama ninavyomwita kwa jina la kifungua mimba wetu, ameokoka tangu ujana wake. Anaongoza kwaya ya akina mama. Mimi nilikuwa mume wa mama wa kanisa, cheo ambacho nacho hakina mshahara. Kwa miaka yote ya ndoa ameniombea niokoke, waziwazi, wakati mwingine nikiwa palepale mezani chakula kinapoa. Na mimi kwa miaka yote nilikuwa na zamu ya Jumapili. Mliniona mtu mwema, eti ninawaachia vijana Jumapili zao waende ibada. Ukweli ni kwamba niligombania zamu hizo. Sikuwa na ugomvi na Mungu. Nilichokiogopa ni kile kitendo cha kusimama mbele ya watu huku nikiangaliwa. Naweza kutia mkono wangu mahali ambapo siwezi kupataja hapa, lakini kusimama peke yangu katikati ya kanisa, hapana.

Halafu nikastaafu, na Jumapili zote zikarudi kwangu kwa pamoja.

Siku ya kuniaga mlinivalisha ile saa janja mkipiga makofi, na Mutheu, ambaye ndiye mdogo wenu na mjuzi wa simu kuliko wote, akaiunganisha na simu yangu. Kisha, bila kuniuliza, akaiunganisha na simu ya Mama Mwende. Alisema ni kwa ajili ya presha yangu. Mutheu, mwanangu, nimekusamehe, lakini nataka ujue ulichokifanya. Tangu siku hiyo mke wangu akawa msimamizi wa wodi na mimi mgonjwa wa pekee. "Baba Mwende, leo hujatembea." "Baba Mwende, umekaa sana." Nilimfunga mbuzi ile saa shingoni asubuhi moja ili atembee badala yangu, na ikaenda vizuri mpaka mbuzi alipofukuzwa na mbwa na mke wangu akaona kwenye simu jinsi moyo wangu ulivyokwenda mbio, akaja akikimbia kutoka shambani akidhani nimekufa. Alinikuta kivulini nikimenya muwa.

Nitaisema vizuri pia, maana nimeapa kuandika nilichokiona. Imenifanya nitembee, na presha imeshuka kidogo. Ina mwanga, kwa hivyo sigongi kidole nikienda chooni. Lakini ina mambo yake. Inataka chaji kama mtoto anavyotaka titi. Haijui kusoma saa kama sisi: kwenye saa ya mshale, mkono mfupi ukiwa kwenye saba, jicho la Mswahili linaruka upande wa pili linasoma moja, bila jasho. Hii inaniandikia kumi na tisa, nitoe kumi na mbili, nitoe tena sita, na nikimaliza hesabu chakula kimepoa. Inapima mapigo, ndiyo, lakini haijui kama mkono ni wa baridi au una jasho. Na inaamini kuwa mtu akitulia amelala. Jumapili yangu ya kwanza kanisani ilirekodi mahubiri yote kuwa ni usingizi mzito, na Mama Mwende akanionyesha hayo jioni. Sikuweza kuikana, maana safari hiyo ilikuwa sahihi.

Lakini tabia yake kubwa ni kunisimamisha. Nikikaa muda mrefu, inanitekenya mkononi na kuandika, "Wakati wa kusimama!" Mwanzo nilikuwa nikiidharau, na Mama Mwende akijua. Basi nikajizoeza. Ikinitekenya, nasimama. Iwe ninakula, iwe ninazungumza na chifu, nasimama, naituliza kero, nakaa. Mazoea yana taabu. Baada ya muda mwili wangu ukawa unasimama kabla kichwa hakijaambiwa.

Kanisa letu lilikuwa limeletewa mchungaji mpya kutoka Kitui. Siku ya kwanza alinishika mkono mlangoni, akacheka akiutazama uso wangu. "Daktari, Susu yangu alinisimulia habari zako zote kabla hajafa. Wewe ndiye ulinifanya mtu wa usiku." Alikuwa Mutuku. Yule aliyepaswa kuwa Kioko, sasa ana ndevu na suti. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alinikumbatia, akasema tangu utoto anaihubiri habari ya kutoka gizani kuingia nuruni kwa sababu yangu.

Jumapili moja huyo Mchungaji Mutuku alihubiri kwa muda mrefu, mimi nikiwa nimekaa benchi la nyuma karibu na mlango, mahali pangu. Mwishoni akapunguza sauti. Kinanda kikaanza kwa mbali.

"Kila mtu ainamishe kichwa. Funga macho. Usiangalie jirani. Kuna mtu hapa amezunguka miaka mingi. Mungu anamwita leo. Kama ni wewe, simama tu hapo ulipo."

Mkono ukanitekenya. Nikasimama.

Nilikuwa wima kabisa, mikono ubavuni kama askari wa gwaride, kabla sijajua nimefanya nini. Kanisa lote lilikuwa limefunga macho isipokuwa mtu mmoja, na huyo alikuwa mchungaji, ambaye kazi yake wakati huo ni kuangalia. Aliniona. Mdomo wake ukafunguka, ukabaki wazi.

"Bwana asifiwe," alisema hatimaye. "Daktari amesimama."

Macho yote yalifumbuka. Kayamba ya Mama Mwende ilianguka sakafuni. Alitoka kwenye kwaya akiwa na vazi lake la kwaya, akapita katikati ya mabenchi akilia, na nikatembea kumfuata mpaka mbele kwa sababu miguu haikujua kwingine pa kwenda. Mchungaji aliniwekea mkono kichwani. Kitoto nilichokitoa tumboni mwa mama yake, nikakinyima hata jina lake la haki, sasa kilikuwa kinaniombea na kiganja chake kilikuwa kizito. Moyo wangu ulipiga nikausikia masikioni. Ile saa nayo ikausikia, ikanitekenya tena. Nilichungulia kwa jicho moja. Iliandika, "Inaonekana unafanya mazoezi. Turekodi?"

Niliifunika kwa mkono wa shati.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Mwende aliimba kwa sauti ya chini. Alichinja kuku bila sikukuu. Alipiga simu kwa dada zake, na kila mmoja akapiga vigelegele, na mimi nikakaa kwenye kiti changu nikiwa mtu duni kuliko wote Makueni. Ningeweza kunyamaza. Nani angejua? Miaka yote aliyoomba, na mwisho wake jibu limeletwa na kitu cha chaji. Lakini kila nilipotazama ukutani niliona ile saa ya Sista Kavata inayoning'inia kwenye msumari, na nikakumbuka sharti la pili. Furaha yake ilikuwa imehesabiwa nusu dakika ikazidishwa. Nilimpenda mno kumwachia hesabu ya namna hiyo.

Alipoleta ugali nilisema.

"Mama Mwende, kuhusu leo. Mimi sikusimama."

"Ulikuwa umelala?"

"Ni saa. Ilinitekenya nikasimama. Ningekuwa kwa kinyozi ningesimama vilevile."

Aliweka sinia chini. Hakulia. Alikaa, akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi, akatafuna mpaka akameza, na mimi nikingoja hukumu.

"Asi, Baba Mwende! Unafikiri mimi ni mtoto? Hiyo kitu ikikutekenya unaruka kila siku hapa kwangu kama panzi. Nilipofungua macho na kukuona, jambo la kwanza niliangalia ni mkono wako."

"Ulijua? Na ukalia vile?"

"Kwenye Biblia Balaamu aliambiwa na punda. Wewe umeambiwa na saa. Mungu hutumia kile kiko karibu." Alinisukumia paja la kuku. "Lakini hebu nikuulize kitu kimoja. Ulipojua ni saa, watu wote walikuwa wamefunga macho. Mbona hukukaa?"

Kulikuwa na nafasi, ndiyo. Mchungaji alikaa mdomo wazi kitambo kizuri, benchi lilikuwa nyuma ya magoti yangu kabisa, na mimi ninayejua kusingizia maumivu ya mgongo niliendelea kusimama. Yeye alirudi kwenye chakula chake, mimi nikakaa na swali hilo juma zima, nikitembea nalo, na saa ikinisifu kwa kutembea.

Jumapili iliyofuata niliamka mapema, nikaiondoa saa ya Sista Kavata ukutani, nikaijaza, nikaibana kifuani juu ya suti. Mama Mwende alinikuta mlangoni. Alitazama kifua changu, kisha kifundo cha mkono kilichokuwa kitupu.

"Na ile ingine?"

"Iko kwa chaji."

"Kwa hivyo leo atakusimamisha nani?"

"Leo," nikamwambia, "najaribu bila mashine."